Mstari wa tukio

Mstari wa tukio ni mstari wima unaowekwa kwenye grafu ya wakati kuonyesha siku jambo lilipotokea, kama vile kupanda kwa bei au kuanza kwa chanjo. Katika lahajedwali la Excel huundwa kwa mfululizo wa mtawanyiko wenye nukta mbili zilizounganishwa: zote zina tarehe ileile, moja ina thamani ya 0 na nyingine 1, kwenye mhimili wima wa pili unaoanzia 0 na kuishia 1. Hilo huwezekana kwa kuwa programu huhifadhi tarehe kama namba. 1 Januari 2000 ni 36526. Mstari uliochorwa kwa mkono haufai kabisa: data zikiongezeka, grafu hujipanga upya nao hubaki palepale, ukionyesha siku isiyo yake. Mstari huonyesha wakati tu. Hauthibitishi kwamba tukio ndilo lililoleta badiliko.