Wanawake watatu waliotembea hadi Milansi

Leo twende Ufipa. Masimulizi ya asili ya utawala wa huko hayaanzi na vita, yanaanza na wanawake watatu, wageni, waliokuja kwa miguu. Wanafika Milansi na kukuta mfalme kaenda kuwinda, yuko mkewe tu. Masimulizi yako ya aina nyingi lakini mwisho ni uleule: wageni wanakalia kigoda cha mfalme, na jamaa anaporudi porini utawala umeshahama. Akaachiwa Milansi yake. Uzao wa wanawake wale, Watwa, ndio uliokuja kutawala Nkansi na Lyangalile.

Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliyachambua masimulizi haya katika kitabu chake A State in the Making (1981). Unaweza kuyasoma kama lawama kwa mke aliyeshindwa kulinda kigoda, na nadhani wapo wanaume wanaoyapenda kwa sababu hiyo. Mimi kinachonivutia ni kwamba mle ndani mwanamke anatembea umbali mrefu, bila mume, na safari yake inaishia kwenye madaraka.

Sasa njoo mjini. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Wapo ambao hata tarehe hawakuisubiri. Kariakoo, Dar es Salaam, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake kwenye vituo vya mabasi, wakawachania nguo, mpaka polisi wakaingia kati. Hoja ilikuwa utamaduni wa taifa. Lakini suti na tai za waheshimiwa, zilizotoka Ulaya vilevile, hazikuguswa! (Na miaka hiyohiyo Wamasai walikuwa wakihimizwa wavae suruali. Utamaduni gani tena?)

Andrew Ivaska, aliyeandika kitabu kizima kuhusu Dar ya miaka hiyo, anaona chini ya sketi kulikuwa na jambo lingine: wasichana walikuwa wakipata kazi maofisini, wana mshahara wao, wanapanda basi wenyewe. Kijana asiye na kazi anasimama kituoni anawatazama. Naamini hapo ndipo penye kiini. Nguo ilikuwa kisingizio.

Sumbawanga ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Rukwa mwaka 1974, na mji wa namna hiyo huleta walimu, wauguzi na makarani wa kike waliohamishiwa kikazi, mbali na baba na kaka. Angalieni mitaani. Mwanamke anayeshuka kutoka upande wa milima ya Mbizi na mzigo wa kuni kichwani hasumbuliwi sana, labda asalimiwe tu. Mwenye ndoo, vivyo hivyo. Anayepita na mkoba tu, mikono mitupu, ndiye wa kuulizwa "dada, wapi hiyo?", na asipojibu anaambiwa anaringa, kisha yanafuata mengine ambayo siyaandiki hapa. Mzigo ndio kibali. Mwanaume anazurura mji mzima mikono mfukoni na hakuna anayemuuliza kitu.

Msiseme ni mambo ya zamani. Novemba 2014, miaka 46 baada ya Kariakoo, mwanamke alivuliwa nguo hadharani kwenye stendi ya matatu Nairobi, na tarehe 17 wanawake wenzake wakaandamana kudai haki ya kuvaa watakavyo.

Kwetu Tanzania sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza udhalilishaji wa kijinsia katika Kanuni ya Adhabu, na maneno nayo yanahesabika, si kushikwa tu. Ila binti aliyetukanwa stendi saa moja jioni akitaka kwenda kuripoti, polisi nako anakwenda kwa miguu, na huenda akalazimika kupita palepale.