Dhahabu ya Kilwa katika Vilima vya Lisbon

Katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes jijini Lisbon, kuna monstransi ya dhahabu ambayo mtu wa pwani yetu ana haki ya kuitazama kwa jicho la mwenye mali. Wakatoliki wanaijua monstransi: ni chombo cha kuwekea Ekaristi ili iabudiwe. Hii ni kazi ya sonara Gil Vicente, na ilikamilika mwaka 1506. Mitume kumi na wawili, kila mmoja na sura yake, wamepiga magoti kuizunguka sehemu ya kioo, mavazi yao yamenakshiwa kwa rangi za enameli. Juu yao zinapanda nguzo nyembamba kama za kanisa dogo, na kati ya nguzo hizo ametundikwa njiwa mweupe. Ukiinama ukasoma maandishi yanayozunguka kitako, unakuta yanasema waziwazi kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza kitu hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Sijui chombo kingine cha ibada Ulaya kinachokiri hivyo, kwa maandishi, mali yake imetoka wapi.

Kodi yenyewe ililipwa kwa shuruti. Julai 1502, Vasco da Gama akiwa katika safari yake ya pili alitia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani na mizinga yake, akamtaka Amiri Ibrahim achague kati ya kulipa na kuuona mji ukiungua. Amiri akalipa. Dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi Sofala, na wafanyabiashara wa Kilwa walikuwa wameishika njia hiyo kwa vizazi kadhaa. Da Gama alirudi Lisbon nayo mwaka 1503. Miaka miwili baadaye, Machi 1505, Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, aliondoka katika mto wa Lisbon na kundi kubwa la merikebu. Julai akaiteka na kuipora Kilwa, Agosti akaichoma Mombasa. Kwa hiyo siku Gil Vicente anaweka nyundo yake chini, mji uliotoa dhahabu ulikuwa tayari na ngome ya Wareno.

Mto huo ni Tejo. Unatoka mbali ndani ya Hispania, na ukikaribia Lisbon unapanuka hadi unaonekana kama ghuba ya bahari, kisha unabanwa tena kabla ya kuingia Atlantiki. Mji umepanda juu ya vilima vya ukingo wa kaskazini. Wenyeji husema ni vilima saba; miguu ya mtembeaji itabisha. Njia za miguu zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa nyeupe na basalti nyeusi, vimepangwa kwa mikono kwa michoro ya mawimbi na nyota. Vinapendeza sana, na mvua ikinyesha vinateleza vibaya. Nyumba nyingi zimevikwa vigae vya rangi kuanzia chini hadi juu, na jua la jioni likigonga vigae hivyo na maji ya mto kwa pamoja, mji mzima huwa na mwanga ambao wapiga picha huusafiria kutoka mbali.

Wakati wa Manuel mto ulikuwa ndio uti wa mgongo wa mji. Mfalme alihama ngome ya zamani kilimani akajenga jumba jipya kandokando ya maji, ili aweze kuona merikebu zikipakuliwa. Hapohapo palikuwa Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Afrika na Asia: pilipili, mdalasini, pembe, dhahabu, vibali, mishahara ya mabaharia, ramani za siri. Magharibi kidogo, Belém, ilianza kujengwa mwaka 1501 monasteri ya Jerónimos, kwa pesa zilizotokana na sehemu ya ushuru wa biashara hiyo. Nguzo zake zimechongwa kamba za merikebu na mimea ya baharini. Ndani yake amelala da Gama, na upande wa pili mshairi Camões, ambaye utenzi wake wa mwaka 1572 unaisifu Malindi kwa ukarimu na kuishutumu Mombasa kwa hila. Ndivyo mgeni anavyoandika: aliyempa maji ya kunywa ni mwema, aliyemfungia bandari ni mwovu.

Katika Casa da Índia alifanya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini mtu aitwaye João de Barros. Hakuwahi kukanyaga Kilwa, lakini karatasi zote zilipita mezani kwake, na miongoni mwazo mlikuwa na habari za masultani wa Kilwa, kuanzia wale wanaosimuliwa kuwa walitoka Shirazi. Alizitia katika kitabu chake cha historia ya Wareno huko Asia, kilichoanza kutoka Lisbon mwaka 1552. Habari hizo tunazo pia kwa Kiarabu, katika nakala iliyopatikana Zanzibar karne ya 19 na sasa imo London. Wanahistoria wetu huziweka mbili hizo kando kwa kando, na pale zinapopishana ndipo kazi inapoanzia.

Si mali peke yake iliyoshushwa ukingoni mwa Tejo. Hesabu ya mwaka 1551 inataja watumwa karibu 10,000 katika mji wa watu kama 100,000. Wengi walitoka Afrika Magharibi na Kongo. Walibeba maji, walifua, walipaka nyumba chokaa, waliuza samaki, waliondoa taka za usiku. Waliokuwa huru na wasio huru walijiunga katika udugu wa Rozari wa watu weusi kwenye kanisa la São Domingos, na mwishoni mwa karne ya 16 mtaa wa magharibi mwa mji ukajulikana kwa jina la Mocambo, makazi ya Waafrika. Leo panaitwa Madragoa. Ni mwendo mfupi tu kutoka ilipo monstransi ya Kilwa. Karibu na hapo kuna mtaa wa Poço dos Negros, yaani Kisima cha Watu Weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel, huyuhuyu wa monstransi, aliagiza lichimbwe shimo refu la kutupia maiti za watumwa zilizokuwa zikiachwa ovyo, na zimwagiwe chokaa mara kwa mara. Inaaminika mtaa umepata jina lake kwenye shimo hilo. Sasa una mikahawa ya kahawa nzuri.

Kisha ikaja asubuhi ya Novemba 1, 1755. Ilikuwa Jumamosi, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa na mishumaa inawaka kila altare. Kabla ya saa nne ardhi ilitikisika kwa dakika kadhaa. Mapaa ya makanisa yaliwaangukia waumini. Walionusurika walikimbilia uwanja wa wazi mbele ya jumba la mfalme, ukingoni mwa mto, wakidhani huko hakuna cha kuwaangukia. Maji yakarudi nyuma hadi sakafu ya mto ikaonekana, halafu yakaja kwa kishindo yakawazoa. Kilichobaki kililiwa na moto ulioanzia kwenye mishumaa na majiko, ukawaka kwa siku tano au sita. Waliokufa mjini wanakadiriwa kuwa makumi ya maelfu. Jumba la opera, lililofunguliwa miezi saba tu kabla yake, likatoweka. Maktaba ya mfalme yenye vitabu kama 70,000 ikatoweka. Mfalme José mwenyewe alikuwa nje ya mji akanusurika, ila hofu ya kuta za mawe haikumtoka tena: aliishi maisha yake yote yaliyobaki katika jumba la mbao na mahema kwenye kilima cha Ajuda.

Casa da Índia nayo ilikwenda, pamoja na madaftari yake. Kwa kweli hapa ndipo msiba wa Lisbon unapokuwa msiba wetu pia. Wareno walikuwa wamekwisha kufukuzwa Fort Jesus na Waomani mwaka 1698, wakarudi kwa muda mfupi 1728, wakatolewa moja kwa moja mwaka uliofuata. Lakini karne mbili za hesabu zao zilikuwa bado zimelala katika ghala za ukingoni. Nani alilipa nini, jahazi lipi lilinyimwa kibali, bei ya nguo Sofala, majina ya marubani. Kilichochapishwa kilibaki, kama kazi ya Barros. Kilichokuwa kwenye daftari moja tu kiliungua. Hifadhi nyingine ya nyaraka za taifa, iliyokuwa ndani ya mnara wa ngome, iliponea chupuchupu: mnara ulianguka, lakini mlinzi wake, mhandisi Manuel da Maia, aliyekwisha kuwa mzee wa miaka sabini na kitu, alihakikisha makaratasi yanafukuliwa na kuhifadhiwa katika kibanda cha mbao.

Mzee huyo ndiye aliyeongoza pia mipango ya kujenga upya, chini ya waziri ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal. Mji wa chini, Baixa, ulipangwa kwa mistari iliyonyooka, na mitaa ikagawiwa kwa kazi: dhahabu, fedha, washona viatu, wauza nguo. Ndani ya kuta kulifichwa kiunzi cha mbao zilizokingamana, ili tetemeko likija tena jengo lipinde bila kubomoka. Inasimuliwa kwamba mfano wa kiunzi hicho ulijaribiwa kwa kuwaamuru askari waupige kwa miguu wakitembea gwaride. Pombal alituma pia maswali kwa mapadre wa parokia zote: tetemeko lilidumu muda gani, bahari ilipanda au ilishuka kwanza, visima vilibadilika? Wanasayansi bado wanayatumia majibu yake.

Jambo moja tetemeko lilifanya kinyume cha matarajio. Jumba la mfalme lilisimama juu ya udongo laini wa mto, likaanguka. Alfama, mtaa wa mabaharia na wachuuzi wa samaki ulioanza tangu enzi za Waislamu, uko juu ya mwamba, na sehemu yake kubwa ikabaki. Lisbon ilitawaliwa na Waislamu kuanzia karne ya 8 hadi 1147, na vichochoro vya Alfama bado vinakwenda vipendavyo vyenyewe. Aliyekulia Lamu hatapotea upesi. Nyuma ya ngome iko Mouraria, mtaa waliotengewa Waislamu baada ya kushindwa. Katika mitaa hii ndiko fado ilikokulia karne ya 19, nyimbo za huzuni zinazoimbwa kwa gitaa la nyuzi kumi na mbili. Usiku wa Juni 12, mkesha wa Mtakatifu Antoni, hakuna kulala: sadini huchomwa kwenye majiko ya mkaa mlangoni mwa kila nyumba, na wapenzi hupeana vyungu vya mrehani vyenye kikaratasi cha shairi. Mrehani huo haunuswi kwa pua; unaupapasa kwa kiganja, kisha unanusa kiganja.

Kanisa la Carmo halikurudishiwa paa. Matao yake yako wazi kwa mbingu tangu 1755, na kando yake kuna kambi ya askari. Aprili 25, 1974, siku wanajeshi walipoipindua serikali, ndani ya kambi hiyo ndimo waziri mkuu Marcelo Caetano alimojifungia, huku Kapteni Salgueiro Maia amezingira uwanja kwa magari ya deraya na umati umepanda juu ya miti. Jioni Caetano akasalimu amri. Vijana wenye bunduki waliokuwa na maua mekundu mitutuni walichoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, na vita vya Msumbiji vilikuwa vikiendeshwa na FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kufunza wapiganaji wake Nachingwea. Tuseme kweli: udikteta wa Ureno uliangukia Lisbon, lakini sehemu ya mizizi yake ilikatiwa kusini mwa Tanzania.

Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, maelfu walihamia Lisbon, na makasha yao yakarundikana Belém chini ya mnara wa kuwatukuza wavumbuzi. Si Wareno pekee waliohama. Waislamu wenye asili ya India waliokuwa wamezaliwa Maputo na Nampula walikuja pia, na hao ndio walioupa uhai msikiti mkuu wa jiji, uliofunguliwa mwaka 1985. Pamoja nao walikuja Waismailia, wakajenga kituo chao mwaka 1998. Mwaka 2015 Ureno ilitia saini mkataba wa kuifanya Lisbon kuwa makao ya Uimamu wao, na Aga Khan wa Nne, aliyepitisha sehemu ya utoto wake Nairobi na ambaye jina lake limeandikwa kwenye hospitali za Nairobi, Mombasa, Kisumu na Dar es Salaam, alifariki dunia mjini humo Februari 4, 2025. Waombolezaji walikusanyika katika kituo hicho, kisha akapelekwa kuzikwa Aswan.