Utando wa polima wa kihisio cha glukosi
Ni gamba jembamba linalofunika kihisio kinachochomekwa chini ya ngozi ya mwenye kisukari. Kihisio cha kimeng'enya kilielezwa na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962. Kimeng'enya chake, glukosi oksidesi, huhitaji oksijeni, na mwilini glukosi huizidi oksijeni kwa mbali. Hivyo utando, mara nyingi wa poliyurethani, huibana glukosi na kuipitisha oksijeni. Hapo ndipo penye ustadi wote. Utando laini unaopenda maji hupunguza pia protini kuganda juu yake. Kwa kuwa kimeng'enya huhitaji oksijeni, mwinuko nao ni wa kuzingatia: Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Mlima Meru zaidi ya mita 4,500, na huko kileleni oksijeni ni haba. Mpandaji mwenye kisukari, soma kwanza kikomo cha mwinuko kwenye maelekezo ya kihisio chako.