Tiketi na Hesabu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nadhani hakuna biashara inayouthibitisha usemi huo kuliko kusafirisha abiria mjini. Mwenye duka hukaa karibu na droo yake, na mwenye shamba huhesabu magunia yake ghalani. Lakini mwenye basi fedha yake hukusanywa na mtu mwingine, senti kwa senti, ndani ya chombo kinachokwenda mbio mbali na macho yake. Jioni basi linaporudi, mashahidi wote, yaani abiria, wameshashuka na kutawanyika. Atajuaje alichopata siku ile?

Historia imetoa majibu mawili makubwa kwa swali hilo. La kwanza ni tiketi: kila nauli iwe na karatasi yake, na karatasi zihesabiwe. La pili ni hesabu: mwenye gari aseme kiasi anachokitaka jioni, na kitakachozidi wakigawane dereva na kondakta. Watu hudhani kwamba tiketi ni ya walioendelea na hesabu ni ya kwetu sisi. La hasha. Tukirudi nyuma kidogo tutaona kwamba njia hizo mbili zimepishana mahali pengi.

Tuanzie London, enzi za mabasi ya kukokotwa na farasi. Kwa miaka mingi makondakta wa kampuni ya London General Omnibus hawakutoa tiketi. Jioni walikabidhi kiasi kilichozoeleka, na kilichobaki kilikwenda mifukoni mwao na mwa madereva. Kampuni ilijua, lakini mshahara ulikuwa mdogo na siku ya kazi ndefu kupita kiasi, basi ikawa kama mapatano yasiyoandikwa. Mwaka 1891 kampuni ikaamua kuleta tiketi. Kondakta alipewa kifaa kidogo cha kutoboa, chenye kengele. Kila alipotoboa tiketi kengele ililia abiria wakasikia, na kijipande kilichokatwa kilibaki ndani ya kifaa. Jioni vijipande vilihesabiwa kwa rangi, maana kila nauli ilikuwa na rangi yake.

Juni ya mwaka huohuo wafanyakazi wakagoma. Msomaji aweza kudhani walidai tiketi ziondolewe ili waendelee kuchota. Lakini dai lililotangulia lilikuwa siku ya kazi isiyozidi saa 12, pamoja na nyongeza ya mshahara. Ilikuwa hoja yenye haki: kama mnataka kuhesabu kila senti tunayoipokea, basi hesabuni pia kila saa tunayoifanya kazi. Tiketi zilibaki, na saa 12 wakazipata.

Kwa miaka kadhaa nami nilikuwa katika kazi ya kusimamia mapato ya nauli, katika shirika moja la mabasi ambalo halina haja ya kutajwa. Utaratibu wenyewe haukuwa wa ajabu. Alfajiri kondakta hutia sahihi anapopokea vitabu vya tiketi, na namba za mwanzo huandikwa. Kila afikapo mwisho wa njia huandika katika fomu namba aliyofikia. Katikati ya safari mkaguzi hupanda bila taarifa, akahesabu vichwa, akatazama tiketi za abiria na kuzilinganisha na fomu. Usiku keshia hutoa namba ya mwanzo katika namba ya mwisho, akazidisha kwa nauli, akalinganisha na fedha zilizo mezani. Zikipungua, kondakta hukatwa mshahara.

Kwenye karatasi utaratibu huu hauna tundu. Kwenye basi lililojaa hadi mlangoni, matundu ni mengi. Kuna kupokea nauli bila kutoa tiketi, kuna kuiokota tiketi iliyotupwa na kuiuza tena, na kuna kutoa tiketi ya safari fupi kwa mtu wa safari ndefu. Jambo ambalo vitabu vya uhasibu havilisemi ni kwamba abiria naye ni mshirika. Ni wangapi waliomwambia kondakta kwa sauti ya chini, "Kaka, tiketi baki nayo, nipunguzie kidogo"? Mkaguzi alipopanda, abiria huyohuyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kulaani wizi wa makondakta.

Hapa Dar es Salaam njia ya tiketi ilitawala kwa muda mrefu. Kampuni ya DMT iliendesha mabasi ya mji tangu wakati wa ukoloni. Baada ya Azimio la Arusha ikawa mali ya umma, na mwaka 1974 ikagawanywa: UDA ikachukua usafiri wa mjini, na KAMATA usafiri wa mikoani. UDA ilipoanza kudhoofika, maneno ya mitaani yalikuwa kwamba makondakta wameila. Siwezi kusema hapakuwa na wizi. Lakini ni dhuluma kuwabebesha makondakta anguko lote la shirika. Nauli ilipangwa na serikali, na kwa sababu njema za kijamii ilikaa chini wakati gharama zikipanda. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, na bila fedha za kigeni hapakuwa na vipuri. Basi lililolala gereji kwa kukosa kipuri halina nauli ya kuibwa.

Mwaka 1983 serikali ikakubali magari ya watu binafsi yabebe abiria kwa kibali, chini ya UDA. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, na makondakta walipoimba "dala, dala" jina likazaliwa. Pamoja na jina ilikuja njia ya pili ya kusimamia mapato. Tajiri wa daladala hakuhitaji vitabu vya tiketi, wakaguzi wala keshia. Alitaja hesabu ya siku, basi. Mafuta ni juu yenu, faini za trafiki ni juu yenu, mpiga debe mtamlipa nyinyi, na kama mvua imenyesha au foleni imekuwa ndefu, hayo hayamhusu.

Kwa macho ya mhasibu huu ni usimamizi wa bei nafuu kuliko wote. Wizi umekwisha, kwa kuwa hakuna cha kuiba: kinachozidi ni halali yao. Lakini gharama iliyoondolewa kwa tajiri haikutoweka. Imehamia barabarani. Kila dakika ya kusubiri ni fedha ya dereva, ndiyo maana hukimbia. Kila nafasi tupu ni hasara ya kondakta, ndiyo maana hushindilia. Na mwanafunzi anayelipa nauli pungufu huachwa kituoni na mkoba wake mgongoni, kwa kuwa nafasi anayoikalia inakula hesabu ya watu wawili wenye familia. Tumezoea kumwita kondakta huyo katili. Ni mara chache tumeuliza ni nani aliyepanga hesabu.

Waliochunguza kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1990 waliwakuta madereva na makondakta wakifanya kazi kwa takriban saa 15 kwa siku, wengi bila mkataba wowote. Wakati huohuo wafanyakazi hao walianzisha umoja wao, UWAMADAR, na miongoni mwa madai yake makubwa lilikuwa mkataba wa ajira. Yaani zaidi ya miaka 100 baada ya mgomo wa London, watu wa Dar es Salaam walikuwa wakiomba kitu kilekile: siku ya kazi yenye mwisho, na ujira unaojulikana.

Tazama pia mwezi wa Julai 2014. Katika mwezi huo mabasi ya London yaliacha kabisa kupokea fedha taslimu, na abiria wakalipa kwa kadi. Katika mwezi huohuo serikali ya Kenya ilitaka matatu za Nairobi nazo zipokee nauli kwa kadi tu. London jambo hilo lilipita. Nairobi lilikwama. Wengine walisema ni kwa sababu ya mitambo, lakini sababu nzito ilikuwa mfukoni. Dereva wa London ana mshahara, na kadi haimpunguzii kitu. Dereva wa matatu aliishi kwa kilichobaki baada ya hesabu, na kadi ingepeleka kila shilingi moja kwa moja kwa mwenye gari. Nani atashangilia kifaa kinachomnyima chakula cha jioni?

Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, na tiketi ilikatwa dirishani kabla ya kupanda. Dereva hakugusa nauli, wala hakuwa na sababu ya kugombania abiria. Hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo usimamizi haukuisha, ulihama kutoka ndani ya basi kwenda dirishani na getini, na huko nako wapo binadamu, wapo watu wenye mishahara midogo, na zipo foleni za watu wenye haraka.

Mimi nimefikia imani hii. Anayesimamia mapato hana budi kuuliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni fedha zimekwenda wapi. La pili ni hasara ya siku mbaya anaibeba nani. Shirika linalouliza la kwanza peke yake litaajiri wakaguzi, kisha wakaguzi wa kuwakagua wakaguzi, na bado litaibiwa. Tajiri anayelikwepa swali la pili atalala usingizi, lakini hesabu yake italipwa na mtoto aliyeachwa kituoni, na siku nyingine na abiria waliopinduka naye dereva aliyekuwa akiikimbiza saa.