Sheria ya jinai Kisii na Nyamira: Kesi ni tele, malipo huja polepole

MWANAFUNZI anayejiunga na chuo kikuu kusomea sheria, akiwa na azma ya kuwatetea washtakiwa katika mahakama za Kisii na Nyamira, anafaa kujua mambo mawili mapema. Kazi haitamkosa. Fedha nazo zitachelewa, na huenda sehemu kubwa yake isitokane na kesi za jinai hata kidogo.

Jambo hili lina uzito kwa familia ambazo hulipa karo kwa bonasi ya majani chai au kwa kuuza kipande cha shamba. Wazazi wengi huhesabu miaka minne ya shahada, kisha hutarajia mshahara. Hesabu hiyo ina kasoro.

Ili kusomea shahada ya sheria moja kwa moja kutoka shule ya upili, mtahiniwa wa KCSE huhitaji angalau alama ya wastani ya C+ na B katika Kiingereza au Kiswahili. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati ya kujisimamia mwaka 2013, kina kitivo cha sheria, hivyo mwanafunzi aweza kusoma akiwa karibu na nyumbani. Lakini baada ya shahada ni lazima ajiunge na Chuo cha Mafunzo ya Uanasheria kilichoko Karen, Nairobi, ambako karo imekuwa takriban Sh190,000, bila kodi ya nyumba wala chakula. Huko hufanya mitihani tisa ya Baraza la Elimu ya Sheria. Kati ya hiyo tisa, mmoja tu ndio unaohusu mwenendo wa kesi za jinai hasa, na mwingine hufunza mbinu za kuhoji mashahidi. Anayeanguka hulipa tena na kungoja.

Kisha kuna miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili aliye na tajriba ya miaka mitano au zaidi. Afisi nyingi humpa mwanagenzi nauli na chakula cha mchana tu. Nyingine hazimpi chochote. Baada ya hapo huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na kuandikishwa kuwa wakili.

Hata hivyo, hawezi kufungua afisi yake siku hiyo. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mawakili kinamtaka kwanza afanye kazi ya kuajiriwa kwa miaka miwili mfululizo baada ya kupata leseni yake ya kwanza, iwe ni kwa wakili mwingine, katika afisi ya Mwanasheria Mkuu au ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, au katika shirika lililoidhinishwa. Kwa hivyo kijana aliyemaliza kidato cha nne leo atatundika kibao chake mjini Kisii au Nyamira baada ya karibu miaka minane, iwapo hatakwama popote.

Na kazi yenyewe ipo. Kisii ina Mahakama Kuu na mahakama za mahakimu; Nyamira vilevile. Ogembo na Keroka zina mahakama zao. Kesi za mauaji husikizwa na Mahakama Kuu pekee. Makosa mengine mengi, pamoja na wizi wa mabavu na unajisi, huanzia kwa hakimu, na rufaa hupanda hadi Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa jijini Kisumu.

Eneo la Gusii lina watu wengi na mashamba madogo, na ugomvi wa mpaka wa shamba baina ya ndugu ni chanzo cha kesi nyingi za kujeruhi na hata za mauaji. Kuna wizi wa mifugo kwenye mpaka wa Transmara. Kuna kesi za ukeketaji chini ya sheria ya mwaka 2011. Na kuna mauaji ya wazee wanaoshukiwa kuwa wachawi: Mei 2008 watu 11 waliteketezwa na umati Kisii, na Oktoba 2021 wanawake wanne wakongwe waliuawa Marani. Kesi za namna hii huwa na washukiwa wengi, mashahidi waoga, na jamii iliyogawanyika. Wakili anayezikubali hujitwika pia chuki za kijiji.

Sheria nayo imebadilika, na mabadiliko hayo yameongeza kazi. Katiba ya 2010 ilifanya makosa yote yawe na uwezekano wa dhamana, hata mauaji. Mnamo Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, iliamua kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakiuka Katiba, na wafungwa wengi wakarudi mahakamani kuomba adhabu mpya.

Tatizo ni nani atakayelipa. Ada za jinai ni za makubaliano. Kwa kawaida mteja hutozwa kiasi cha kuanzia kwa ajili ya kujibu mashtaka na kuomba dhamana, halafu sehemu nyingine kwa kila hatua. Mteja wa Nyansiongo au Kebirigo hulipa bonasi ya chai ikija. Wengine hulipa dhamana ikishapatikana, wengine hupotea papo hapo, kwani lililowasumbua ni kulala rumande. Wakili naye haruhusiwi kukubali malipo kwa sharti la kushinda.

Kisha kuna wazee. Kesi ya kupigana baina ya majirani huweza kumalizwa kwa maridhiano, na faili ikafungwa kabla salio halijalipwa. Ni jambo jema kwa kijiji, si kwa afisi. Katika kesi za unajisi mahakama hazikubali mapatano kama hayo.

Kwa mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo, serikali humteulia wakili. Mawakili chipukizi wengi hupatia tajriba yao hapa. Malipo hutolewa kwa kiwango kilichowekwa kwa kesi nzima, na Chama cha Mawakili kimelalamika mara kwa mara kuhusu kucheleweshwa kwake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imepanua wigo, ingawa fedha zimekuwa haba.

Ndiyo maana wakili wa jinai wa Kisii, ukitazama kabati lake la faili, huwa pia wakili wa urithi, mauzo ya ardhi na fidia za ajali za bodaboda. Hizo ndizo hulipa kodi ya afisi. Kesi ya jinai humpa jina: aliyeonekana akimhoji polisi vizuri mahakamani Jumatatu hutafutwa kwa hati ya shamba Alhamisi.

Anayetaka mshahara wa kila mwezi ana njia ya upande wa pili. Tangu Katiba ya 2010 na sheria ya mwaka 2013, mashtaka yamehama hatua kwa hatua kutoka kwa polisi hadi kwa mawakili wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na afisi hiyo ina vituo katika kaunti zote mbili. Kuna uhakimu pia. Nafasi hizi hutangazwa kwa nadra, hugombewa na maelfu, na aliyeajiriwa hupelekwa popote nchini. Mtu asidhani atarudishwa nyumbani.

Wala nyumbani si lazima. David Maraga, mzaliwa wa Nyamira aliyekuwa Jaji Mkuu kuanzia Oktoba 2016 hadi Januari 2021, alifanya kazi ya uwakili Nakuru kwa miaka mingi kabla ya kuwa jaji mwaka 2003.

Kwa anayekusudia kubaki, lugha ni mtaji. Mashahidi wengi hutoa ushahidi kwa Ekegusii kupitia mkalimani, na wakili aijuaye hugundua neno lilipopotoshwa kabla halijaandikwa. Kesi nyingi husikizwa hadharani. Mwanafunzi aweza kuketi nyuma ya chumba cha mahakama wakati wa likizo bila kulipa chochote. Na kabla ya kuchagua mahali pa uanagenzi, aulize afisi hiyo ilisimamia kesi ngapi za jinai mwaka uliopita, na iwapo mwanagenzi wa mwisho alilipwa.