Udongo wa Kahuzi: Nani Aliulizwa?

Leo tunatoka kidogo hapa Kisangani, twende Kivu ya Kusini, kwenye milima ya Kahuzi na Biega. Sababu mtaiona mbele.

Milima hiyo na mabonde yake ilikuwa makao ya Watwa, watu wa kuwinda na kurina asali. Mwaka 1937 Wabelgiji waliifanya hifadhi. Tarehe 30 Novemba 1970 ordonansi ya rais ikaunda Parke ya Taifa ya Kahuzi-Biega, kilometa za mraba 600. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi 6.000, ikameza hata vijiji na mashamba. Watwa walifukuzwa. Hawakuulizwa, hawakulipwa.

Watalii wakaja. Adrien Deschryver, mwanzilishi wa parke, aliwazoeza ngagi kuona watu, na wageni wa Ulaya na Marekani wakalipa ili wasimame karibu na dume mwenye mgongo mweupe. Waliojua kufuata nyayo za ngagi walikuwa Watwa. Mimi sipingi utalii huo. Ulileta kazi, uliwapa ngagi thamani wakiwa hai. Lakini mshahara wa mtu mmoja haulingani na udongo wa jamaa nzima.

Kisha vita, 1996 na tena 1998. Wageni wakakimbia. Ngagi wa sehemu ya milima ya parke, waliohesabiwa 258 mwaka 1990, walibaki kama 130 mwaka 2000. Waliozoezwa ndio waliouawa kwa urahisi: hawakumwogopa tena binadamu.

Mwaka 2018 baadhi ya Watwa walirudi msituni, na damu ikamwagika kati yao na walinzi. Julai 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ukatangazwa: serikali yetu ilivunja haki zao, iwarudishie udongo, iwaombe radhi hadharani. Hesabuni wenyewe miaka, tangu 1975!

Sheria inasemaje? Ile ya 1973 inasema udongo ni mali ya serikali. Kifungu cha 389 kiliahidi ordonansi ya kupanga haki za wanaokaa kwa desturi. Watu wakaingoja miaka na miaka. Katika pengo hilo, mwenye karatasi humshinda mwenye kaburi la babu yake.

Na sisi? Ugomvi wa Wambole na Walengola, uliozuka Lubunga mwaka 2023, nao ulihusu udongo uliotolewa kwa kampuni. Wengi wenu mnaosikiliza mlikimbia kwa ajili yake.

Basi chifu, ukiletewa karatasi, iwe ya shamba, ya mbao au ya parke, usiitie sahihi ofisini. Ipeleke kijijini. Waite wanaolima pale, wanawake pia, na majirani wa kabila la pili. Isomwe kwa lugha wanayoisikia. Mipaka itembelewe kwa miguu, na nakala moja ibaki kijijini.