Mapishi: Mchuzi mzito wa nguruwe kwa pilipili za kijani

WAKAZI wa jimbo la New Mexico, kusini magharibi mwa Marekani, huuenzi sana mchuzi huu, hasa nyakati za baridi. Pilipili ni zao la asili la bara hilo. Nguruwe waliletwa na Wahispania. Mlo huu basi umetokana na kukutana kwa mapishi ya pande mbili.

Ladha yake haitegemei wingi wa viungo. Hutegemea mambo mawili: pilipili kuchomwa kabla ya kutiwa chunguni, na nyama kupewa muda wa kulainika.

Pilipili za huko ni ndefu na ukali wake ni wa wastani. Ukizikosa, changanya pilipili mboga na pilipili kali chache.

Walaji: 6
Muda wa kuandaa: Dakika 40
Muda wa mapishi: Saa 2 na dakika 15

Vinavyohitajika
- Nyama ya bega la nguruwe kilo 1
- Pilipili mboga za kijani 6
- Pilipili kali za kijani 2 au 3
- Viazi 4
- Vitunguu maji 2
- Kitunguu saumu punje 4
- Binzari nyembamba kijiko 1 cha chai
- Mafuta ya kupikia vijiko 2 vya mezani
- Maji au supu vikombe 5
- Chumvi
- Majani ya giligilani

Maelekezo
1. Choma pilipili zote kwenye jiko la makaa, ukizigeuza hadi maganda yawe meusi. Zifunike katika bakuli kwa dakika 15, kisha uzimenye, utoe mbegu na kuzikatakata. Usizioshe, kwani maji huondoa ladha ya moshi. Usiguse macho kabla ya kunawa mikono kwa sabuni.

2. Kata nyama vipande vya sentimita 3. Ikaange kidogo kidogo hadi iwe ya kahawia. Ukiijaza sufuria kwa mara moja, itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

3. Epua nyama. Kaanga vitunguu maji hadi vilainike, kisha utie saumu na binzari.

4. Rudisha nyama, ongeza maji na chumvi, ufunike. Acha itokote kwa moto mdogo kwa saa 1 na nusu.

5. Tia viazi vilivyokatwa pamoja na pilipili. Pika kwa dakika 30 zaidi. Ponda vipande vichache vya viazi ili mchuzi uwe mzito.

6. Nyunyizia giligilani, upakue kwa chapati au wali.

Tahadhari
Nyama ya nguruwe isiyoiva vyema inaweza kumwambukiza mlaji tegu. Mayai ya mnyoo huyo hutoka kwa kinyesi cha aliyeambukizwa. Yakimezwa, mabuu yake yanaweza kufika ubongoni na kusababisha kifafa. Nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi, na usionje mchuzi kabla nyama haijaiva kabisa.